Mami hajafa, sasa nani analipa? Jibu kwa aliyekwama sura ya nne

Mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza: anaandika toleo lake la Puella Magi Madoka Magica, anime (katuni ya Kijapani), ambamo Mami Tomoe, mmoja wa mabinti wake, hafi kwenye kipindi cha tatu. Ameshaweka sura tatu, wasomaji wamezipenda, lakini kalamu imegoma na hajui sura ya nne ielekee wapi. La pili: kuna mtu amemwambia kwamba kuandika upya simulizi iliyokwisha kukamilika ni kuiharibu, na neno hilo limemkaa rohoni.

Nimeandika hadithi za mashabiki za anime hii kwa miaka mingi sasa, matoleo matatu marefu na vipande vifupi ambavyo sijavihesabu, kwa hiyo nitajibu kwa yale yaliyonipata mwenyewe. Ambaye hajaitazama na anapanga kuitazama aishie hapa. Swali hili halijibiki bila kutaja nani anakufa na mwisho unakuwaje.

Kwa wanaosoma bila kuijua, kwa kifupi tu. Ni anime ya vipindi 12 kutoka studio ya Shaft, ilianza kurushwa Japani Januari 2011, mwongozaji Akiyuki Shinbo, mwandishi Gen Urobuchi. Kiumbe mweupe anayeitwa Kyubey anawajia wasichana wa shule na mkataba: ombi lako moja, lolote lile, litatimia, na wewe kuanzia hapo utapambana na wachawi. Asilolisema ni kwamba roho yako inatolewa mwilini na kutiwa ndani ya kito, na siku kito hicho kikijaa giza, wewe mwenyewe unakuwa mchawi. Wanaobeba hadithi ni watano: Madoka Kaname, ambaye Kyubey anamtaka afunge mkataba, Mami, Sayaka Miki, Kyoko Sakura, na Homura Akemi, anayerudi nyuma kwenye wakati ili kumwokoa Madoka. Hao wasichana mimi huwaita mabinti waganga. Nitaeleza mbele kwa nini.

Sasa, mkuu, nadhani najua ulipokwama, kwa sababu na mimi nilikwama papo hapo. Umemwokoa Mami lakini hujaamua nani analipa.

Toleo langu la kwanza lilikuwa la kumwokoa kila mtu. Nilikuwa nimeitazama anime yote kwa siku mbili, usiku wa pili sikupata usingizi, asubuhi nikafungua ukurasa mpya nikaanza. Kwenye hadithi yangu Homura Akemi aliwaambia wenzake ukweli siku ya kwanza tu, wakamwamini, wakaungana wote watano, wakamshinda Walpurgisnacht, mchawi wa kutisha kuliko wote, kwenye sura ya saba. Kyubey akakimbia huku akilaani. Sura ya nane wakakaa pamoja wakala na kucheka. Sura ya tisa sikuiweza. Muda ninao, hamu ninayo, jioni nne mfululizo nimekaa mbele ya ukurasa mtupu, na hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyekuwa anataka kitu.

Nilipokirudia kipindi cha 10 ndipo nilipoona. Homura alishaijaribu njia yangu. Kipindi hicho kinaonyesha mikondo ya wakati aliyokwisha kuipitia kabla ya huu tunaoutazama, na kwenye mkondo wa tatu aliwaambia wenzake ukweli. Hawakumwamini. Kisha Sayaka Miki akageuka mchawi mbele ya macho yao, ukweli ukajithibitisha wenyewe, na Mami akavunjika. Alimfunga Homura kwa utepe wake wa miujiza, akakipiga risasi kito cha Kyoko Sakura, akamwelekezea Homura bunduki huku analia, kwa sababu kama vito vinazaa wachawi, basi kwake yeye njia iliyobaki ni wote kufa. Aliyemzuia ni Madoka, kwa mshale. Yaani mlango niliotaka kutokea mimi, Urobuchi alikuwa ameshaupita na kuufunga. Kwenye ulimwengu huu ukweli ukifika mapema bila kitu cha kuushikilia unaua haraka kuliko uongo.

Kosa langu lingine kubwa lilikuwa Kyubey. Nilimfanya jambazi. Anacheka kicheko kibaya, anafurahia machozi. Nawaomba sana wote mnaoandika, msifanye hivi. Kyubey hana chuki. Anakusanya nguvu inayotoka pale tumaini la binti linapogeuka kuwa kukata tamaa, kwa sababu ulimwengu unapoteza nguvu zake kidogo kidogo na watu wake wameona hisia za wasichana wa umri huo ndizo zinazoweza kuziba pengo. Kwake ni hesabu. Tena hasemi uongo wa waziwazi; ukimwuliza swali lililonyooka anajibu, na ukimlaumu kwa nini alinyamaza anakwambia hukuuliza. Ukimwandika anacheka, umemfanya mdogo, na umejinyima silaha bora kuliko zote uliyo nayo: swali. Toleo lolote la hadithi hii linaweza kupata njia panda yake kwa kujiuliza ni nani angeuliza nini, na siku gani. Sayaka angeuliza kwenye kipindi cha pili "na hao wachawi wanatoka wapi?" asiridhike na jibu la kwamba wanazaliwa kutokana na laana, akasisitiza: laana za nani? Swali moja tu hilo, na vipindi kumi vinavyofuata vinabadilika.

Toleo la pili ndilo lililonifundisha kazi, na lilimhusu huyo huyo Sayaka. Mnakumbuka alivyotumia ombi lake: kuuponya mkono wa Kyosuke Kamijo, mvulana mpiga fidla anayempenda tangu utotoni. Kisha Hitomi, rafiki yao wa darasani ambaye hajui lolote kuhusu mikataba, anamwambia Sayaka kwamba na yeye anampenda Kyosuke, kwamba atamweleza, lakini anampa Sayaka siku moja aanze yeye. Siku moja! Niliwahi kumchukia Hitomi kwa siku ile. Nikaona hapa ndipo pa kukata: nikamwondoa Hitomi njiani. Kwenye toleo langu alihamia shule nyingine. Sayaka akapata nafasi yake, akamweleza Kyosuke yaliyo moyoni, Kyosuke akakubali.

Niliandika tukio lao la kwanza wakiwa wawili tu, wamekaa kwenye benchi baada ya masomo. Nilitaka liwe tamu. Kyosuke anamshika mkono kwa ule mkono ulioponywa, na nikataka kuonyesha vidole vyake, nikawaza: mpiga fidla huwa na sugu kwenye ncha za vidole kwa kubonyeza nyuzi. Lakini huyu amelala hospitali muda mrefu, sugu zimeshapotea. Nikaandika kwamba vidole vyake ni laini kama vya mtoto, na kwamba anaona haya navyo, anasema itabidi aanze upya mpaka viume tena. Kisha vile vidole laini vikateleza vikaikuta pete kidoleni mwa Sayaka. "Pete mpya hii?" akauliza. Na hapo nikasimama kuandika, kwa sababu pete ile ndiyo kito. Ndiyo roho yake. Kyosuke ameishika roho ya Sayaka kati ya vidole viwili na anauliza ameinunua wapi, wakati mkono wenyewe, ule anaodhani ndio Sayaka, ni mwili usio na mtu ndani. Tulishaona kwenye kipindi cha sita: kito kikienda mbali, kiasi cha mita 100, mwili unaanguka, haupumui.

Sikupanga hilo. Lilitoka lenyewe kwa sababu nilikuwa nimeziacha sheria za ulimwengu ule zibaki kama zilivyo. Msomaji mmoja akaniandikia chini ya sura ile: umemwondoa Hitomi lakini pete bado ipo. Nimekaa na maneno hayo mpaka leo. Hitomi hakuwa ndiye aliyemuua Sayaka. Kwenye kipindi cha saba Sayaka mwenyewe anamlilia Madoka, anauliza atamwombaje Kyosuke amkumbatie na mwili kama ule. Mshindani akiwepo au asiwepo, swali linabaki palepale. Toleo langu likaishia pabaya kuliko anime yenyewe: Sayaka amepata kila alichokitaka na hawezi kukigusa. Nilililia, sioni haya kusema. Lakini lilikuwa toleo la kweli, na lile la kwanza halikuwa.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Nafungua daftari, ukurasa wa kushoto naandika kitu kimoja nilichokibadilisha, kimoja tu. Ukurasa wa kulia naandika kila kitu kilichokuwa kinategemea kitu hicho. Siandiki sura mpaka ukurasa wa kulia ujae.

Tuufungue basi ukurasa wa Mami.

Kushoto: Mami hafi mbele ya Charlotte, yule mchawi wa kipindi cha tatu. Kulia, cha kwanza kabisa, ni utepe. Kumbuka nini kinatokea dakika chache kabla. Homura anakuja kumwonya Mami kwamba mchawi huyu si kama wengine, amwachie yeye. Mami hamwamini, anamfunga kwa utepe wake na kumwacha akining'inia. Mami anapokufa ule utepe unapotea, Homura anakuwa huru, anaingia anammaliza Charlotte. Kwa hiyo mtu pekee mwenye uwezo wa kumwokoa Mami usiku ule amefungwa na Mami mwenyewe. Wewe umemwokoa kwa njia gani? Nimezisoma sura zako zote tatu: umeandika "kwa bahati aliruka pembeni". Mkuu, bahati kwenye hadithi hii haipo. Nani aliona? Nani alipiga kelele? Kama ni Madoka, basi Madoka amejifunza kwamba anaweza kuokoa mtu bila mkataba, na hilo ni jambo kubwa mno kuliacha lipite hivihivi. Kama Mami mwenyewe alisita nusu sekunde kwa sababu maneno ya Homura yalimkaa kichwani, basi anamdai Homura shukrani, na Mami wa usiku ule ni mtu asiyejua kumshukuru mtu aliyemwona adui.

Cha pili ni keki. Watu wengi wanaisahau. Wakiwa njiani ndani ya kizuizi cha Charlotte, yaani ule ulimwengu mchawi anamojificha, Madoka anamwambia Mami kwamba hana ombi kubwa, anataka tu kuwa mtu wa kumsaidia mtu, kupigana pamoja naye. Mami analia. Anamwambia, basi kama usipopata la kuomba mpaka tukimmaliza mchawi huyu, tumwombe Kyubey karamu na keki kubwa, tusherehekee wawili sisi. Mami baada ya hapo anapigana kwa furaha ambayo hatujawahi kumwona nayo, na furaha ile ndiyo inayomfanya asiangalie. Sasa fikiri. Mami yuko hai. Mchawi amekufa. Wanatoka nje ya kizuizi. Ahadi ipo. Madoka Kaname anafunga mkataba usiku huohuo, kwa ajili ya keki.

Ndiyo maana umekwama. Sura yako ya nne ni hiyo, na nadhani moyoni unaijua ila hutaki kuiandika, kwa sababu umemwokoa Mami na palepale umempoteza Madoka. Kila alichokihangaikia Homura, mikondo yote ile, kimekwisha kwa kipande cha keki mezani kwa Mami. Iandike. Iandike taratibu, na chai yake na sahani zake, maana nyumba ya Mami ni nyumba ya mtu aliyezoea kuandaa vizuri kwa ajili ya wageni wasiokuja. Huyu ni binti ambaye ombi lake lilikuwa kuishi, tu, ndani ya gari lililogongwa. Hakuwa na muda wa kufikiria lingine. Tangu siku hiyo yuko peke yake. Usiku huu hayuko peke yake tena, na furaha yake ndiyo inayomfunga Madoka. Hapo hakuna mtu mbaya hata mmoja chumbani.

Cha tatu ni Kyoko. Umemleta sura ya tatu, anatembea mitaa ya Mitakihara na kusema jiji hili sasa ni lake. Hapana. Kyoko alikuja kwa sababu alisikia Mami amekufa na eneo limebaki wazi. Mami akiwa hai Kyoko hana sababu ya kuja, na hawa wawili wanajuana tangu zamani. Manga (kitabu cha katuni) rasmi ya 2012 imelieleza hilo kwa urefu. Kama unamtaka Kyoko, mpe sababu nyingine. Kwangu mimi ningemfanya Mami amfuate yeye. Mami mwenye wanafunzi wawili wapya, anayeogopa kuwapoteza, anaimeza aibu yake na kwenda kumwomba mtu waliyeachana naye vibaya. Tukio hilo sijawahi kuliona kwa mwandishi yeyote, nakuachia bure.

Na cha nne, ambacho kitakusubiri mpaka mwisho: huyu ni yuleyule Mami wa mkondo wa tatu. Siku atakayojua vito vinazaa nini, bunduki itanyanyuka. Unaweza kuichelewesha siku hiyo, unaweza kumwandaa, unaweza kumwekea mtu pembeni wa kumshika mkono, lakini huwezi kujifanya haipo. Wasomaji waliokitazama kipindi cha 10 wanaijua, na kila ukurasa unaomwonyesha Mami akicheka wanaisubiri. Hofu yao hiyo ifanyie kazi, usiikwepe.

Nirudi kwenye lile jina, maana mleta mada anatumia "wasichana wachawi" na mimi nilianza hivyohivyo. Kijapani wanaitwa mahou shoujo, na wachawi ni majo. Kwenye kipindi cha nane Kyubey anaeleza kwa utulivu ule wake kwamba nchini Japani mwanamke ambaye bado anakua huitwa shoujo, kwa hiyo wale watakaokuja kuwa majo ni sawa kuwaita mahou shoujo. Siri yote imekaa ndani ya neno tangu mwanzo na hakuna aliyeisikia. Ukiandika "msichana mchawi" kwa Kiswahili siri umeitoa kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu kwetu mchawi hana upande mzuri. Msomaji anamwogopa Mami kabla hajafungua mdomo. Nilijaribu "msichana wa miujiza", ikanoga masikioni lakini haina kamba inayoiunganisha na mchawi. Ndipo nikafika kwenye mganga. Mganga na mchawi kwenye lugha yetu ni watu wawili, mmoja anaponya na mwingine anaharibu, lakini sote tunajua wanachota kwenye kisima kimoja, na mashaka kwamba huyu anaweza kuwa yule hayajawahi kutuondoka. Nikaandika "binti mganga", na nilipofika kwenye tukio la Sayaka kituo cha treni, kito kimeshakuwa cheusi, nikakumbuka kwamba wazee walishasema mganga hajigangi. Aliuponya mkono wa mwenzake, yeye mwenyewe hana wa kumponya. Methali imekaa pale kama vile ilitungwa kwa ajili yake.

Mengine ni madogo lakini yanaleta tofauti. Mami ni mkubwa wao shuleni, kwa hiyo Madoka na Sayaka nawafanya wamwite dada Mami, na Kyoko ndiye pekee anayemwita Mami tu, bila dada. Msomaji anajua mara moja kwamba kuna historia. Homura wa mkondo wa kwanza, yule wa miwani na nywele za kusuka, mwenye moyo mgonjwa, ametoka hospitali na anaona haya hata kusimama mbele ya darasa, namfanya amwite Madoka kwa jina la ukoo, Kaname, kwa heshima ya mgeni. Mikondo inavyosonga anaacha. Siku ya kwanza anapomwita Madoka tu, bila chochote, siandiki lolote la ziada pale, natia nukta nakwenda mbele.

Sasa swali la pili, la kwamba kuandika upya ni kuharibu.

Aliyekwambia hivyo simlaumu, labda anaipenda sana anime hii na anaogopa kuona ikichezewa. Lakini namwomba aitazame tena akimwangalia Homura peke yake. Ombi la Homura ni lipi? Kukutana upya na Madoka, safari hii si kama wa kulindwa bali kama mlinzi. Anapewa ngao yenye mchanga ndani, mwezi mmoja ukipita anaigeuza, anaamka tena kwenye kitanda kilekile cha hospitali. Na kila akiamka anabadilisha kitu. Anawaambia ukweli, hawamwamini; safari nyingine anyamaze. Anashirikiana nao, wanakufa. Safari nyingine afanye peke yake. Huyu ni mwandishi. Ana hadithi iliyomvunja moyo, anaanza tena ukurasa wa kwanza, wahusika walewale, jiji lilelile, anatafuta ni wapi pa kukata ili mtu mmoja asife. Mimi nilipolitambua hilo nilihisi kama kuna mtu ameniona nikiwa nimekaa na daftari langu usiku.

Na anime hii haimwachi Homura aandike bure. Kwenye kipindi cha 11 Kyubey anamweleza kwamba kila alivyourudia mwezi ule kwa ajili ya Madoka, nyuzi za hatima za mikondo yote zilikuwa zinajifunga kwa Madoka, na ndiyo sababu binti wa kawaida kabisa amekuwa na nguvu kuliko wote. Kila toleo jipya lilimwongezea uzito yuleyule aliyetaka kumwokoa. Sijawahi kuona simulizi inayoongea na waandishi wa matoleo mbadala kwa heshima kubwa hivi. Haisemi acheni. Inasema mkibadilisha, kuna kitu kinasogea mahali pengine, kitazameni.

Mwandishi wake pia alitoka Nitroplus, studio inayotengeneza michezo ya kusoma, ile ambayo mchezaji akichagua hivi anafika mwisho huu na akichagua vile anafika mwisho ule. Hadithi moja yenye miisho mingi ndiyo shule aliyosomea. Hata wenye mali wenyewe hawakuiacha ilivyo. Mwaka 2012 walitoa mchezo wa PSP ambamo mchezaji mwenyewe anaamua mambo yaende vingine. Filamu ya 2013 ikaufungua upya mwisho ambao sote tulidhani umefungwa. Mwaka 2017 ukaja mchezo wa simu, Magia Record, na humo kuna jiji la Kamihama ambako kito kikijaa giza binti hageuki mchawi, bali anapata kitu kinaitwa Doppel. Mtazame jinsi walivyofanya: wamebadilisha sheria moja, halafu hadithi nzima inauliza sheria hiyo imebadilishwa na nani na kwa gharama ya nani. Ni ukurasa wa kushoto na ukurasa wa kulia.

Na hii si tabia mpya iliyoletwa na intaneti. Comiket, soko la Tokyo la vitabu ambavyo mashabiki wanachapa wenyewe, lilianza Desemba 1975. CLAMP, wachora manga waliotuletea Cardcaptor Sakura, walianza kama kundi la namna hiyo hiyo. Leo sisi tuna tovuti ya hadithi za mashabiki kama Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa watu wote 2009, ambako unaweza kuweka lebo juu kabisa kwamba hadithi yako inaachana na ya asili kuanzia kipindi cha tatu. Weka lebo hiyo, ni adabu kwa msomaji. Asiyetaka anapita.

Mimi naamini anayeharibu ni yule anayebadilisha bila kupenda. Anayemfufua Mami kwa sababu anampenda Kyubey akicheka na anataka mapigano zaidi, huyo sina la kumwambia. Lakini nilivyosoma sura yako ya pili, pale Mami anapoosha vikombe vitatu na kusimama akivitazama kwa sababu siku zote huwa anaosha kimoja, nilijua wewe si wa namna hiyo. Mstari ule haupo kwenye anime na unastahili kuwemo.

Kwa hiyo fanya hivi. Usifute sura ulizoziweka. Rekebisha ile "kwa bahati" kwenye sura ya pili, mpe mtu aliyeona hatari, ikiwezekana Madoka. Mtoe Kyoko sura ya tatu, mhifadhi. Kisha kaa uandike meza ya Mami usiku ule: keki, Kyubey juu ya mto, Sayaka anauliza vipande wakate vingapi, Madoka anafungua mdomo kusema ombi lake. Ukishaiweka, niite kwa jina langu humu, nitaisoma usiku huohuo na kukuandikia ninachokiona.

Na kabla hujaanza, rudi mwisho wa sura ya pili umfungue Homura. Bado ananing'inia kwenye ule utepe, na Mami akiwa hai utepe hautakatika wenyewe.